Jinja: Mji wa Viwanda Kwenye Mlango wa Nile

Wazee wangu, kina mama na vijana wenzangu, asanteni kwa kuitika wito wa jioni hii. Sisi wa Mwanza tunajivunia mawe yetu, lakini wenzetu wa Uganda, ng'ambo ya kaskazini, wameliweka jiwe katika jina lenyewe la mji wao, maana Jinja, kwa Kiganda na Kisoga, ni jiwe. Mawe yaliyowapa jina hilo yalikuwa kwenye maporomoko ya Ripon, mahali ambapo maji ya Ziwa Victoria, ziwa hili hili tunalolitazama kutoka Capri Point, hutoka na kuanza safari ya Nile.

Kabla ya viwanda Jinja ilikuwa bandari ya pamba. Reli fupi ya kwenda Namasagali, bandari iliyo kaskazini zaidi kwenye Nile, ilifunguliwa mwaka 1912, na daraja la reli la kuvuka Nile likakamilika mwaka 1931. Kilichoubadilisha mji ni bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth II mwezi Aprili 1954, ambalo maji yake yaliyazamisha maporomoko ya Ripon. Umeme ulipopatikana, viwanda viliufuata: shaba ya Kilembe ilisafirishwa kwa treni kutoka chini ya Milima ya Rwenzori, upande wa pili wa nchi, ije kuyeyushwa Jinja, na pamba ya wakulima ikafumwa katika kiwanda cha nguo ambacho kila mtu alikiita Nytil, kifupi cha Nyanza Textile Industries Limited.

Naomba tukae kidogo na kiwanda hicho. Nguo husimama juu ya nyuzi za mtande, nao mshindio hupita katikati yake. Uzi mmoja wa mtande ukikatika, mashine husimamishwa, mfumaji huzitafuta ncha mbili, huzifunga kwa fundo dogo sana, kisha kazi huendelea. Mkono uliozoea hufanya hivyo bila hata kutazama, na mkono mgeni huharibu nguo nzima. Ujuzi wa namna hiyo haununuliwi pamoja na mashine. Hukaa katika vidole vya watu, na hupokezanwa kwa miaka mingi, bega kwa bega.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Tumezoea kuisimulia habari hiyo kama habari ya matajiri walionyang'anywa maduka, na maduka yalinyang'anywa kweli. Lakini katika mji kama Jinja waliondoka pia mafundi mitambo, makarani wa hesabu na watunza stoo waliojua kipuri gani huagizwa wapi. Pengo lilikuwa kubwa kwa sababu ukoloni ulikuwa umegawa kazi kwa rangi za watu, Mwafrika akazuiwa kwa muda mrefu asifike kwenye ujuzi huo, na dhuluma hiyo ya kwanza siwezi kuiruka ninapoilaani ya pili.

Hata hivyo kufukuzwa kwa Waasia hakuelezi kila kitu. Nytil ilikuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Uganda, wala haikuwa duka la familia, na bado ilidhoofika. Fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikosekana, na mkulima, alipoona pamba haimlipi, alirudi kwenye mihogo na mahindi, jambo ambalo hakuna mwenye akili atakayemlaumu kwalo. Nchi iliyovuna zaidi ya marobota 400,000 ya pamba karibu na mwaka 1970 ilikuwa ikipata chini ya 50,000 muongo ulipokwisha. Mitambo ya bwawa iliendelea kuzunguka, ingawa kwa kuchechemea, na umeme wa kufumia ulikuwepo. Majeshi yetu yalipoingia Jinja tarehe 22 Aprili 1979, na huenda humu ukumbini wapo wazee waliokuwamo, yalilikuta bwawa likiwa zima.

Leo Nytil inafuma tena mikononi mwa wamiliki wengine, vipo viwanda vipya, na tangu mwaka 2020 Jinja ina hadhi ya jiji. Ukipita barabara kuu utaona maduka yenye baraza na nguzo, na juu ya milango, katika plasta, jina la familia iliyojenga na mwaka wake, ilhali chini yake kumetundikwa kibao cha mwuza simu. Wengi sasa wanauishi mto kwa njia nyingine: wageni huja kupanda boti za mpira kwenye maji ya kasi, ingawa hata hayo yalipungua bwawa la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012. Na ukimwomba mwendesha mashua akuonyeshe maporomoko ya Ripon, atazima injini, atanyoosha kidole mahali ambapo maji yanajizungusha taratibu juu ya mawe yasiyoonekana, kisha mashua itaanza kuvutwa yenyewe kuelekea kaskazini.