Kidingapopo Haingoji Masika

Asanteni, ndugu zangu. Nimefurahi kuwaona wenyeviti wa mitaa na mama lishe, maana mapipa ninayotaka kuyasema leo mnayajua nyinyi kuliko mimi.

Wazee wa Dar es Salaam walikuwa na kalenda yao ya mbu. Masika ikianza Machi, chandarua kinashushwa mapema. Kipupwe kikiingia, watu wanapumua. Kalenda hiyo ilimfaa mbu wa malaria, anayezaliana kwenye madimbwi na kuuma usiku. Mimi namzungumzia Aedes, mwenye mistari myeupe miguuni, anayeuma mchana na kuleta kidingapopo, yaani homa ya dengue. Jina hilo la kale ni letu: daktari James Christie alilikuta Unguja kwenye mlipuko wa 1870. Mwaka 2014 na 2019 ugonjwa huo ulituangusha wengi mjini hapa.

Mbu hana joto lake mwenyewe, mwili wake unafuata hewa. Hata kimelea cha malaria kilichomo ndani ya mbu wa malaria, kwenye nyuzi 20 huchukua kama wiki nne kukomaa; kwenye nyuzi 25, siku 12 hivi. Mbu mwenyewe haishi sana, kwa hiyo siku zinazopungua hapo ni nyingi mno kwake. Kirusi cha kidingapopo nacho huharakishwa na joto. Likizidi mno, mbu hufa, lakini mji wetu haujafika huko.

Sasa mvua. Vuli ya 2019 ilimwagika kupita kiasi, kwa sababu Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida. Ile ya 2022 ilikawia, Mto Ruvu ukapungua, tukaingia kwenye mgao wa maji. Hapa naomba tukae kidogo. Mgao ulipokuja tulifanya nini? Tulijaza kila pipa na kila ndoo. Jua kali, ardhi kavu, na bado Aedes ana maji safi, kivulini, hatua tatu kutoka kitandani!

Mayai yake huyabandika ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji. Hukaa makavu kwa miezi, maji yakiyagusa yanaanguliwa. Kumwaga maji tu hakutoshi. Lazima kusugua.

Wenyeviti, nawaomba: siku mgao unapotangazwa, nanyi tangazeni siku ya kusugua mapipa, kila wiki, mpaka maji yarudi. Na pipa lifungwe kwa kitambaa kilichokazwa kwa mpira. Kifuniko kilichopinda hakimzuii.

Karibuni kwa maswali.