Namna ya Kutambua Koo Tatu za Ualbino kwa Mjusi-Chui

Assalamu alaykum watazamaji wetu wa Unguja, wa Pemba na kokote mlipo. Video hii ni kwa ajili ya wale wanaofuga mjusi-chui, au lepadi geko kama wafugaji wengi wanavyomwita, na ambao wana albino ndani ya nyumba bila ya kujua kwa yakini ni wa ukoo gani. Tutakwenda hatua kwa hatua, lakini naomba ieleweke tangu sasa kwamba macho yetu, hata yakiwa makali namna gani, hayawezi peke yake kuthibitisha ukoo. Kuangalia kunapunguza shaka tu. Uthibitisho hutoka kwenye nasaba ya mjusi na kwa watoto atakaowazaa.

Koo zenyewe ni tatu, na zote zilianzia kwa wafugaji wa Marekani katika miaka ya 1990. Wa kwanza kujulikana ni ukoo wa Tremper, uitwao pia wa Texas. Wa pili ni wa Rainwater, uitwao wa Las Vegas. Na wa tatu ni wa Bell, uitwao wa Florida. Katika kila ukoo ualbino hujificha, maana yake mtoto haonekani albino mpaka arithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia. Jambo ambalo wengi hulikosa ni kwamba jeni hizi tatu ni mbalimbali, haziungani, kwa hiyo albino wa Tremper akipandana na albino wa Bell, watoto wao wote huzaliwa na rangi ya kawaida, isipokuwa pale ambapo mmoja wa wazazi amebeba kwa siri jeni ya mwenziwe.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mjusi uliye naye ni albino kweli. Tazameni huyu niliyemweka juu ya karatasi nyeupe: vidoa vyake ni vya hudhurungi na urujuani hafifu, wala hakuna hata kimoja cheusi, si mgongoni, si kichwani, si mkiani. Mjusi-chui wa kawaida huwa na vidoa vyeusi, na anapokuwa mchanga huwa na mikanda myeusi iliyopishana na ya manjano. Mkiona weusi halisi popote mwilini, huyo si albino, hata kama rangi yake imepauka. Kuna aina nyengine ambazo huwa nyeupe au za kijivu bila ya vidoa, na wauzaji wasiojua huziita albino. Zitofautisheni kwa macho, kwani hubakia na vishipa vyeusi kama vya mjusi wa kawaida. Mshikeni kwa kumpitishia kiganja chini ya tumbo, wala msimkamate mkia, kwa sababu huukata akiogopa. Mkimaliza, mikono ioshwe kwa sabuni.

Hatua ya pili ni mwanga, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu picha nyingi ninazoletewa hazifai kitu kwa kosa la mwanga. Macho ya albino hayastahamili mwangaza mkali, kwa hiyo msimmulike kwa kurunzi usoni wala msimtoe juani. Mahali pazuri ni ndani, karibu na dirisha, asubuhi, mbali na kitu chochote chenye rangi kali. Ukimpiga picha chini ya turubai la buluu au kando ya ukuta wa kijani, rangi hiyo itaingia kwenye jicho lake na utaona kijivu pasipokuwa na kijivu. Wekeni karatasi nyeupe ndani ya picha. Ikionekana nyeupe kweli, na rangi ya jicho mtaweza kuiamini.

Hatua ya tatu ni kulisoma jicho. Nasogeza kamera ili muone duara la rangi linaloizunguka mboni. Kwa ukoo wa Tremper, duara hilo mara nyingi huwa la kijivu cha fedha lenye vishipa vyekundu. Kwa ukoo wa Bell, jicho zima huelekea wekundu mwepesi au waridi, na mwilini huwa na vidoa vingi vya hudhurungi. Ukoo wa Rainwater hujulikana zaidi kwa mwili, ambao mara nyingi ni mdogo kidogo na wenye rangi nyepesi ya waridi. Nimesema "mara nyingi" kwa makusudi, kwani wapo wa Tremper wenye macho mekundu kuliko wa Bell. Isitoshe, ipo sifa nyengine ya kurithi, iitwayo eklipsi, inayolijaza jicho lote rangi moja. Albino mwenye sifa hiyo huwa na jicho jekundu tupu, na hapo dalili ya jicho hupotea kabisa. Kinachosaidia ni jina aliloandikiwa alipouzwa: Raptor ni wa Tremper, Radar ni wa Bell, na Typhoon ni wa Rainwater, ikiwa muuzaji alikuwa mkweli.

Msiutegemee uangavu wa mwili kutenganisha koo. Yai lililokaa kwenye joto kubwa huelekea kutoa albino wa manjano angavu, na lililokaa kwenye joto dogo hutoa wa hudhurungi, ingawa baba na mama ni wale wale. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake, kwa sababu wakati wa kaskazi chumba peke yake hupita nyuzi 30, na mashine ya kutotolea mayai isiyokuwa na kipoza haiwezi kushusha joto hilo. Ndugu wawili, mmoja aliyetotolewa wakati wa kaskazi na mwengine wakati wa kipupwe, wanaweza kuonekana kama watu wa mbali.

Hatua ya nne, na ndiyo ya uthibitisho, ni kumpandisha kwa majaribio. Tafuteni mjusi ambaye ukoo wake unajulikana kwa nasaba, tuseme Tremper, mumuweke na huyu asiyejulikana. Jike awe ametimiza mwaka, awe na uzito wa gramu 45 au zaidi, na awe hajawahi kuwekwa na dume mwengine, kwa sababu jike huhifadhi mbegu za dume mwilini na mnaweza kuwasoma watoto wa baba msiyemkusudia. Hutaga mayai mawili kwa mkupuo, na huweza kutaga mara kadhaa katika msimu mmoja.

Mtoto mmoja tu akizaliwa na rangi ya kawaida, basi mjusi wenu si albino wa Tremper, na jaribio limekwisha. Wakizaliwa albino, msiharakishe kufurahi. Huenda ni wa Bell aliyebeba jeni moja ya Tremper, na mjusi wa namna hiyo hutoa albino kwa nusu ya watoto. Ndiyo maana ninashauri kusubiri watoto 6 angalau: ikiwa mzazi alikuwa mbebaji tu, uwezekano wa wote 6 kutoka albino ni mmoja katika 64. Wakifika 8, ni mmoja katika 256.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri kuhusu wale watoto wa rangi ya kawaida waliotokana na koo mbili. Hao wamebeba jeni mbili za ualbino zisizoonekana. Mkiwapandisha wenyewe kwa wenyewe, katika kila watoto 16, kwa wastani, 7 watakuwa albino: 3 wa ukoo mmoja, 3 wa ukoo wa pili, na 1 aliyechanganya zote, na hakuna atakayeweza kuwatenganisha kwa kuwatazama. Mijusi wa namna hii wakishaingia mikononi mwa watu, kila anayewanunua huanza na nasaba iliyoharibika, na wafugaji wetu ni wachache mno kustahamili hasara hiyo. Watunzwe, wapendwe, wapewe watu wa kuwafuga tu, lakini wasizalishwe.

Hatua ya mwisho ni daftari. Kwa kila mjusi andikeni baba, mama, tarehe ya kutaga, joto la mayai na tarehe ya kutotolewa, pamoja na picha ya jicho. Na kwa yule ambaye hamjamthibitisha, kibandiko cha sanduku lake kiandikwe hivi: "Albino, ukoo haujathibitishwa." Mnunuzi akiuliza, mwambieni hivyo hivyo.