Mahindi Yamejaa, Mtoto Amedumaa

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Kaka Juma, nimetoka Makambako, Njombe, kwa shangazi, nimerudi na debe la dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa.

JUMA: Nimeliona mlangoni. Nasema mapema, dada: leo ni ruzuku ya mbolea na NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, dona ingoje.

REHEMA: Ruzuku ndiyo iliyolijaza! Ilipoanza msimu wa 2022/23 shangazi alijiandikisha, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, akaupata kwa elfu 70. Kabla ya hapo ulishapita laki moja.

JUMA: Hapo serikali ilifanya jambo. Shamba lisilo na mbolea kule halikupi kitu.

REHEMA: Kabisa. Lakini utafiti wa afya wa 2022 unasema udumavu wa watoto chini ya miaka 5, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kitaifa ni asilimia 30. Iringa? Karibu 57! Njombe na Rukwa, karibu 50. Mikoa hiyohiyo inayotulisha! Sasa dona...

JUMA: Tumeshafika.

REHEMA: Lazima tufike. Ukikoboa upate sembe, pumba na kiini vinaondoka na chuma, zinki na vitamini B. Pumba anapewa kuku, analishwa vizuri kuliko mtoto.

JUMA: Kiini kina mafuta, ndiyo maana dona haikai, inakuwa chungu. Duka la Temeke litaiwekaje? Halafu usiisingizie sembe peke yake. Mama yuko shambani kutwa, mtoto kaachiwa uji mtupu, maji si salama, anaharisha kila mara. Hata ukimpa dona atadumaa.

REHEMA: Ndiyo maana nataka NFRA isiishie kwenye mahindi, mpunga na mtama. Inunue maharage, iyapeleke shuleni.

JUMA: Kwa hela ipi? Itapunguzwa kwenye mahindi. Wakati wa mavuno bei ikianguka, mlanguzi yuko getini na lori. NFRA ndiyo inayomshikia mkulima bei. Shangazi akiuza vizuri, atanunua mayai mwenyewe.

REHEMA: Mayai anayo! Anayauza mjini alipe madeni. Miaka yote Iringa inauza mahindi, watoto wamerefuka?

JUMA: Anauza mayai kwa sababu mahindi hayajamlipa. Mpe bei kwanza.

REHEMA: Mtoto wa miezi minane hawezi kusubiri bei.

JUMA: Na mkulima hawezi kula maagizo ya lishe. Sikubali, dada.

REHEMA: Mimi pia sikubali.

JUMA: Fundi mitambo anatuonyesha imebaki dakika moja. Tuliahidi kueleza usajili wa ruzuku, bustani za nyumbani na chakula cha shule.

REHEMA: Niseme kidogo tu kuhusu chakula cha shule! Wazazi wanachanga mahindi mazima, halafu kamati inayapeleka kukobolewa ili ugali uwe mweupe. Halmashauri iseme tu: yasagwe dona.

JUMA: Na maharage ya kulia hiyo dona, mzazi asiyekuwa nayo achange nini?

REHEMA: Ndiyo nakwambia NFRA...

JUMA: Muda, dada. Muda umekwisha.