Niliona aibu kusema natafuta kazi

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo narekodi ndani ya gari maana baridi la Minneapolis, hapa Marekani, siyo mchezo, mkisikia mvumo ni hita hiyo mnisamehe.

Kuna mdogo wangu kaja inboksi, huu ni mwezi wake wa pili tangu afike huku, ananiambia kaka natuma maombi kila siku hakuna anayejibu. Nikamuuliza, umemwambia nani kwamba unatafuta kazi? Hakuna kaka, naona aibu. Nikacheka, nilijiona mwenyewe.

Mimi nimekuja na grini kadi ya bahati nasibu, digrii ya uhasibu mkononi, kichwa juu. Jumapili nakutana na Wabongo wenzangu kanisani, vipi mambo? Poa tu, yanaenda. Nyumbani friji ina mayai na maji. Yaani kichwani kwangu kuomba msaada wa kazi ni kutaka kubebwa, kazi za mjomba zile tunazozijua, na mimi nilishaapa sibebwi.

Sasa siku hiyo nimeingia maktaba ya mtaani kufuata printa tu jamani, CV inatoka kurasa nne, mama mmoja mfanyakazi wa pale akaiona, akaniuliza kwa upole kama anaweza kuipitia. Juu kabisa picha ya pasipoti ile ya bluu, halafu tarehe ya kuzaliwa, dini, nimeoa, watoto wawili, mpaka shule ya msingi. Akatoa kalamu. Picha, kata. Dini, kata. Akanieleza kuna sheria ya 1964 inakataza mwajiri kukubagua kwa dini au rangi, kwa hiyo ukimwekea mambo hayo mezani unampa presha bure. Tukabaki na ukurasa mmoja, na sikulipa hata senti.

Nikapata moyo, Jumapili nikamwambia kaka mmoja pale kanisani, kaka nimekwama. Akanishangaa, "Sasa ulikuwa unangoja nini? Kwetu wanatafuta watu tangu mwezi jana!" Ni weyahausi, yaani ghala la mizigo, ndiyo, digrii na maboksi, hiyo tutaongea siku nyingine. Akanipa linki, kwenye fomu kuna sehemu wanauliza nani kakuelekeza, nikaandika jina lake. Intavyuu nimefanya mwenyewe, ningefeli ningefeli. Nimemaliza miezi mitatu, kumbe yeye kalipwa bonasi ya kunileta! Mimi naogopa kumsumbua mtu kumbe namnyima hela yake.

Ila sikilizeni, mtu akikwambia tuma hela kwanza ndiyo nikupe kazi, kimbia. Na usiseme tu "nitafutie kazi yoyote", sema unaweza nini, shifti ya usiku unaweza, gari unalo.

Huyu mdogo wangu nimemwambia anitumie CV yake. Kaituma jana usiku, nimeifungua, picha ya bluu hiyo hapo juu, na tai kafunga.