Kusakinisha yt-dlp na Kuipanga Isimalize Bando Lako

Ndugu watazamaji, karibuni. Katika video hii tutasakinisha yt-dlp, programu huria inayoendeshwa kwa mstari wa amri na kutumika kupakua video na sauti kutoka mtandaoni, kisha tutaipanga ili ichukue kile tu tunachokihitaji, kwa ukubwa tunaoumudu. Hilo la ukubwa nalisisitiza mapema kwa sababu ndilo linalotugusa mfukoni hapa Uganda: wengi wetu tunanunua bando kwa megabaiti, tangu Julai 2021 data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12, na programu hii isipoelekezwa huchagua ubora wa juu kabisa inaoupata. Anayeisakinisha na kuanza kupakua papo hapo anaweza kumaliza bando la wiki kwa somo moja.

Kabla hatujafungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, tuelewane kuhusu kinachopakuliwa. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani anakili kazi yake, na masharti ya YouTube yenyewe hayaruhusu kupakua bila idhini. Kwa hiyo hapa tutashughulika na vitu vilivyo halali: video ulizozipandisha wewe mwenyewe na huna tena nakala yake, mahubiri au masomo ambayo mwenyewe amekupa ruhusa, kazi zilizotolewa kwa leseni za Creative Commons, ambazo huruhusu kunakili, kama vile mihadhara ya MIT OpenCourseWare, na kazi huria zilizomo katika maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive. Huduma za filamu za kulipia zinazofunga video zao kwa ulinzi wa kidijitali hazihusiki kabisa. Yt-dlp haivunji kufuli hizo, na usipoteze muda kujaribu.

Programu hii ni mzao wa youtube-dl, iliyoanza mwaka 2006. Mwezi Oktoba 2020 hazina ya youtube-dl iliondolewa GitHub, tovuti ya kuhifadhia misimbo ya programu, kufuatia malalamiko ya chama cha kampuni za muziki za Marekani, ikarudishwa Novemba mwaka huohuo, na mwaka 2021 yt-dlp ikajitokeza kama tawi lenye kasi zaidi ya marekebisho. Leo hii ndiyo inayofaa kusakinishwa.

Tuanze na Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Fungua terminali, kisha andika amri hii na ubonyeze Enter:

sudo apt update && sudo apt install pipx ffmpeg curl unzip

Huenda utajiuliza kwa nini sijaandika moja kwa moja sudo apt install yt-dlp, ilhali jina hilo limo katika hazina za Ubuntu. Limo, lakini toleo lake huwa la zamani, na yt-dlp ya zamani ni sawa na kutokuwa nayo, kwa kuwa tovuti hubadilisha mitambo yao mara kwa mara na programu hulazimika kuwafuata. Pipx inatuletea toleo jipya kutoka kwa watengenezaji wenyewe na kuliweka mahali pake bila kugusa Python, lugha ya programu ambayo mfumo wenyewe unaitumia. FFmpeg nayo ina kazi isiyokwepeka: tovuti nyingi huhifadhi picha na sauti katika faili mbili tofauti, na ni FFmpeg inayoziunganisha. Ukiikosa, utapata faili lililounganishwa tayari, ambalo huenda likawa la ubora wa chini, na lisipokuwepo utabaki na faili mbili, moja bubu na nyingine isiyo na picha.

Amri mbili zinazofuata ni hizi:

pipx install "yt-dlp[default]"
pipx ensurepath

Neno lile lililo ndani ya mabano ya mraba usiliache, kwani linaleta vipande vya ziada vinavyohitajika. Sasa tuongeze Deno. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025, yt-dlp inahitaji programu ya nje ya kuendesha JavaScript, lugha inayotumiwa na kurasa za wavuti, ili iweze kushughulikia YouTube kikamilifu, na Deno ndiyo inayopendekezwa:

curl -fsSL https://deno.land/install.sh | sh

Ikikuuliza kama iongeze njia yake kwenye mipangilio yako, kubali. Funga terminali na uifungue upya, kisha hakikisha kila kitu kipo:

yt-dlp --version
ffmpeg -version
deno --version

Tazama jibu la amri ya kwanza. Namba za matoleo ya yt-dlp ni tarehe, kwa mfano 2025.11.12, hivyo kwa kutupa jicho tu unajua programu yako ina umri gani.

Kwa wanaotumia Windows, fungua PowerShell, ambayo ndiyo terminali yake, na uandike winget install yt-dlp.yt-dlp, kisha ujaribu amri zilezile tatu. Ikiwa FFmpeg au Deno haikuonekana, isakinishe kwa winget install Gyan.FFmpeg na winget install DenoLand.Deno. Yaliyobaki katika video hii yanafanana, isipokuwa mahali pa faili la mipangilio na amri ya kusasisha, ambavyo nitavitaja tukifika.

Sasa tuingie katika sehemu inayostahili muda wetu. Nakili kiungo cha video kutoka kwenye kivinjari chako, halafu usipakue bado. Omba kwanza orodha ya fomati, yaani matoleo mbalimbali ya video hiyo, ukiweka kiungo ulichonakili mahali pa neno KIUNGO:

yt-dlp -F "KIUNGO"

Hizo alama za kunukuu si mapambo. Viungo vingi vina alama ya & ndani yake, na terminali ikiiona alama hiyo bila kunukuliwa inadhani amri yako imeishia hapo, kwa hiyo sehemu ya kiungo inakatwa na kinachofuata ni ujumbe wa ajabu usioeleweka. Jizoeze kunukuu kila kiungo, hata kile kinachoonekana hakina matata.

Jedwali linalotokea lina mstari mmoja kwa kila fomati. Safu ya kwanza ni namba au jina la fomati, ya pili ni aina ya faili, ya tatu ni vipimo vya picha. Upande wa kati kuna safu iliyoandikwa FILESIZE, yaani ukubwa wa faili, na pembeni yake TBR, ambayo ni wingi wa data kwa kila sekunde, ukipimwa kwa kilobiti. Ukubwa ukitanguliwa na alama ya mawimbi (~ au ≈), hayo ni makadirio. Wakati mwingine safu ya ukubwa huwa tupu kabisa, na hapo ndipo TBR inapokuokoa, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: zidisha TBR kwa idadi ya sekunde za video, gawanya kwa nane upate kilobaiti, kisha gawanya kwa elfu moja upate megabaiti. Mhadhara wa saa moja una sekunde 3,600. Kwa TBR ya 500 utatumia megabaiti 225. Kwa TBR ya 2,500 utatumia megabaiti 1,125. Mwalimu ni yuleyule, ubao ni uleule, ila gharama imezidi mara tano. Kwa mhadhara ambao kinachoonekana ni mtu na chaki, mimi sioni sababu ya kuvuka mistari 480, na mara nyingi 360 inatosha. Kwa somo la kuunganisha saketi au kushona, ambapo jicho lazima lione kitu kidogo, 720 inaweza kuhalalisha bei yake.

Ukishaamua, huna haja ya kukariri namba za fomati. Andika hivi:

yt-dlp -S "res:480" "KIUNGO"

Maana yake ni: nipe ubora wa juu kabisa usiozidi 480, na ikiwa hakuna, nipe ulio mdogo kabisa kati ya vilivyozidi. Mitandaoni utakutana na maelekezo ya kutumia -f pamoja na sharti la urefu wa picha. Yanafanya kazi, lakini sharti hilo lisipotimizwa amri inashindwa na hupati chochote. Isitoshe, res hupima upande mfupi wa picha, kwa hiyo video iliyorekodiwa kwa simu ikiwa wima inahesabiwa sawasawa na ile iliyolala.

Umeme ukikatika katikati ya upakuaji, au mtandao ukipotea, usifute kitu. Ukiangalia ndani ya folda utaona faili linaloishia na .part. Hilo ndilo lililokwisha kushuka. Rudia amri ileile katika folda ileile, nayo itaendelea kutoka pale ilipoachia. Unaweza pia kuisimamisha kwa hiari yako kwa Ctrl na C, ukangoja bando la usiku, kisha ukairudia.

Kuandika masharti haya kila mara kunachosha, na anayechoka husahau. Ndiyo maana tunaunda faili la mipangilio, ambalo yt-dlp hulisoma kila inapoanza. Kwenye Ubuntu:

mkdir -p ~/.config/yt-dlp
nano ~/.config/yt-dlp/config

Kwenye Windows, faili hilo huitwa config.txt na hukaa ndani ya folda ya yt-dlp iliyo chini ya %APPDATA%. Ndani yake andika mistari hii, kila sharti kwenye mstari wake:

-S "res:480"
--no-playlist
-P ~/Masomo
-o "%(title).80s.%(ext)s"
--windows-filenames
--download-archive ~/orodha.txt

Mstari wa kwanza tumeshaujadili. Wa pili, kwa maoni yangu, ndio unaookoa pesa kuliko yote. Ukinakili kiungo cha video uliyoifungua ukiwa ndani ya orodha ya video nyingi, kiungo hicho hubeba neno list= mwishoni, na bila sharti hili yt-dlp huelewa kwamba unataka orodha nzima, hata kama ina mihadhara thelathini. Siku utakapoitaka orodha nzima kwa makusudi, andika --yes-playlist kwenye amri yenyewe, nayo itashinda faili la mipangilio. Mstari wa tatu unataja folda ya kuhifadhia.

Mstari wa nne unafupisha jina la faili lisizidi herufi 80 za kichwa cha video, na wa tano unabadilisha alama kama nuktambili na alama ya kuuliza, ambazo Linux inazikubali lakini flashi nyingi zinazikataa. Mwalimu anayebeba masomo kwa flashi kutoka Kampala hadi shule ya Kitgum isiyo na intaneti ataishukuru mistari hii miwili, kwa kuwa hakuna kinachoudhi kama kunakili faili ishirini na kukuta matatu yamegoma kwa sababu ya alama moja kwenye jina. Tukiwa hapohapo kwenye flashi, zile za mfumo wa FAT32 hazipokei faili linalofikia gigabaiti 4, hata kama nafasi iko tele. Kwa 480, hutafika huko kirahisi.

Mstari wa mwisho unaweka kumbukumbu ya kila video iliyokwisha kupakuliwa ili isipakuliwe mara ya pili. Una mtego wake. Kumbukumbu hiyo hutambua video kwa namba yake tu, haijali kama ulichukua picha au sauti, kwa hiyo ukirudi baadaye kutaka sauti pekee ya video ileile, utaambiwa imeshaandikwa na hakuna kitakachoshuka. Katika hali hiyo ongeza --no-download-archive kwenye amri. Kwenye nano, kihariri cha maandishi tulichokifungua Ubuntu kwa amri ya pili, hifadhi faili kwa Ctrl na O, bonyeza Enter, kisha toka kwa Ctrl na X.

Kuhusu sauti, amri ni fupi:

yt-dlp -x "KIUNGO"

Inachukua sauti peke yake na kuiacha katika umbo lake la asili. Ikiwa redio au simu yako inasoma mp3 tu, ongeza --audio-format mp3, ingawa ubadilishaji huo huchukua muda na hauongezi ubora wowote. Saa moja ya sauti ya kilobiti 128 ni takribani megabaiti 58, na kwa hotuba au mahubiri sidhani mtu anahitaji zaidi.

Mwenye viungo vingi aviandike katika faili moja, kwa mfano viungo.txt, kila kiungo kwenye mstari wake na safari hii bila alama za kunukuu, kisha aandike yt-dlp -a viungo.txt. Mstari unaoanza na alama ya # unarukwa, kwa hiyo unaweza kuandika vichwa vya masomo humo. Na kama mnatumia hotspoti moja nyumbani au ofisini, ongeza -r 300K, ambayo inazuia kasi isizidi kilobaiti 300 kwa sekunde. Hiyo bado inashusha karibu gigabaiti moja kwa saa, na wenzako wataendelea na kazi zao bila kunung'unika.

Siku moja amri iliyofanya kazi jana itagoma na kuonyesha kosa la 403, yaani tovuti imekataa ombi lako, au kusema haikuweza kusoma ukurasa. Kabla ya kutafuta mchawi, sasisha:

pipx upgrade yt-dlp

Kwenye Windows ni winget upgrade yt-dlp.yt-dlp. Sehemu kubwa ya matatizo huishia hapo. Tatizo likibaki, rudia amri kwa kuongeza -v, ambayo hutoa maelezo marefu ya kila hatua, na maelezo hayo ndiyo utakayompa anayekusaidia. Yasome kwanza wewe mwenyewe kabla ya kuyatuma, uondoe jina la mtumiaji, nenosiri au kiungo cha faragha kama kimejitokeza. Wapo watakaokushauri utumie --cookies-from-browser, ambayo huazima kuki za kivinjari chako, yaani kumbukumbu ndogo zinazoonyesha kwamba umeingia kwenye tovuti, ili programu ijitambulishe kama wewe. Inafaa unapotaka kupakua video zako za faragha, lakini akaunti inayotumiwa hivyo inaweza kufungiwa na tovuti husika, kwa hiyo usiiweke kamwe ndani ya faili la mipangilio. Iandike kwenye amri ile moja inayoihitaji, basi.