William Twining na somo tunaloliruka

Mkuu wa kitivo, mawakili, na nyinyi vijana mliokosa viti mkakaa chini, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya msomi mmoja wa sheria ya ushahidi. Nimemchagua William Twining, aliyezaliwa hapa jirani, Kampala, mwaka 1934. Baba yake alikuja kuwa gavana wa Tanganyika, kwa hiyo tusifichane: huyu ni mtoto wa serikali ya mkoloni. Lakini baada ya Oxford na Chicago alikwenda kufundisha Khartoum, na mwaka 1961 akawa miongoni mwa walimu wa kwanza wa kitivo cha sheria Dar es Salaam. Nairobi hatukuwa na kitivo bado. Chetu kilianza 1970.

Belfast, Warwick, London, huko kote alifundisha; tupapite. Kilichonivuta ni lalamiko lake: vyuo vinafundisha kanuni za sheria, havifundishi kupima yaliyotokea. Mwanafunzi anajua ushahidi upi hukataliwa. Mpe ule uliokubaliwa aupime, anakodoa macho. Twining akafufua mbinu ya Mmarekani John Henry Wigmore, aliyependekeza mwaka 1913 kwamba ushahidi uchorwe: kila dai lipewe nambari, na mistari ionyeshe lipi linategemea lipi.

Tujaribu. Wizi wa kimabavu, usiku, shahidi mmoja. Anasema, "Nilimwona nikamtambua." Kwenye faili ni sentensi moja. Ichore uone: palikuwa na mwanga, mwanga ulimpiga usoni, si kisogoni, shahidi alimtazama kwa muda wa kutosha, hana ugomvi naye, hakuonyeshwa mtu huyo kituoni kabla ya gwaride la utambulisho, pale shahidi anapopangiwa watu kadhaa amchague aliyemwona. Mahakama yetu ya Rufaa ilidai mambo ya aina hiyo katika kesi ya Maitanyi, 1986: hakimu aulize mwanga ulikuwa wa aina gani, mkali kiasi gani, na ulikuwa wapi ukilinganisha na mshukiwa. Nanyi kwenye mtihani mnaniandikia "Maitanyi, 1986", nukta, mnasonga mbele. Taa ilikuwa wapi? Hakuna aliyeuliza. Na wizi huo wa kimabavu, kwa mujibu wa sheria zetu, adhabu yake ni kifo.

Najua mchoro wa kesi ndefu hujaza ukuta mzima. Hakimu wa Makadara mwenye lundo la faili mezani simtwiki mzigo huo. Namtwika wakili, na zaidi yake kiongozi wa mashtaka. Katiba ya 2010, ibara ya 157, imempa mkurugenzi wa mashtaka ya umma uhuru wa kuamua nani ashtakiwe. Basi pengo kwenye ushahidi lionekane mezani pake, kabla mtu hajalala rumande akisubiri kesi isiyo na miguu.

Wiki ijayo nitaleta hukumu moja ya rufaa, majina yamefutwa. Njooni na karatasi kubwa na penseli. Kalamu acheni nyumbani, mtafuta sana.

Haya, maswali. Tuanze na dada wa pale dirishani.