Algonquin Regiment: Jina Linarithiwa, Watu Hawarithiwi

Nianze na lile lile, na mliokwisha kunisikia mnivumilie: kikosi cha akiba cha Algonquin, cha kaskazini mwa Ontario, Kanada, hakikwenda Vita vya Kwanza kwa jina lake. Kilianzishwa 1903, kikiitwa Kikosi cha 97. Mwaka 1914 Sam Hughes, waziri wa jeshi la Kanada, aliuweka kando mpango wa kuviita vikosi vya akiba vitani, akaunda batalioni mpya za namba tupu, na askari wa akiba wakaingia humo mmoja mmoja. Leo Algonquin inarithi batalioni ya 159 na ya 228. Inarithi heshima na kumbukumbu. Basi.

Ya 228 ndiyo tamu. Ilitoka North Bay, ikakusanya wachezaji wa kulipwa wa hoki ya barafuni, ikaingiza timu kwenye ligi ya National Hockey Association msimu wa 1916–17. Naam, batalioni ya vita kwenye ligi ya kulipwa, jezi za kaki! Februari 1917 ikaja amri ya kuvuka bahari, ligi ikabaki na pengo katikati ya msimu. Wachezaji wawili walioachwa nyuma wakatoboa siri: waliandikishwa ili wacheze tu. Zogo lile lilichangia kuzaliwa kwa NHL, ligi iliyochukua nafasi ya ile, Novemba mwaka huo.

Ng'ambo ikageuzwa batalioni ya 6 ya askari wa reli. Najua atakayesema, “Hao si askari wa miguu, mwawahesabia nini?” Haya, mizinga ilikula nini? Karibu na mstari wa mbele lori lilizama topeni, na farasi vilevile. Reli nyepesi ndiyo iliyoilisha mizinga: sentimita 60 kati ya chuma na chuma, ililazwa kipande kwa kipande; kombora likiikata, inaungwa usiku ule ule.

Saa inanikimbiza. Vita vya Pili walikwenda kwa jina lao. Agosti 1944, Normandy, Ufaransa, kombania zao zilifuatana usiku na vifaru vya British Columbia Regiment kukamata kilima cha mita 195, magharibi mwa barabara ya Falaise. Wakaishia kilima cha mita 140, mashariki mwa barabara, huku makao makuu yakiamini wako 195. Vifaru 47 vikapotea. Septemba wakavuka mfereji wa Leopold, Ubelgiji, kwa mashua. Daraja halikuwezekana kujengwa chini ya makombora, risasi zao zikaanza kuisha, wakaamriwa kurudi, wengine kwa kuogelea. Mapigano ya msitu wa Hochwald, Ujerumani, niyaache. Maswali?